Kabla hujaipeleka kwa fundi: kuielewa bunduki kuukuu ya jeshi

Ndani ya wiki moja mwaka jana niliulizwa swali lilelile na watu wawili wasiojuana. Wa kwanza ni mpwa wangu anayeishi Marekani, jimbo la Ohio. Alinitumia picha ya bunduki ndefu imelala juu ya meza ya jikoni, bado imepakwa grisi ya kahawia iliyoganda kama sukari guru, na chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Nimeipata kwa bei ya simu ya kawaida. Ya jeshi, ya zamani. Nataka nipunguze mbao, nifupishe mtutu, nifunge darubini, niende nayo kuwinda. Unaonaje?"

Wa pili ni mzee mmoja wa upande wa Sikonge, tuliyepakana naye msituni enzi marehemu baba akitundika mizinga huko. Yeye hakuwa na picha. Alikuja mwenyewe Tabora mjini kwa basi la asubuhi, akakaa, akamaliza chai yote, ndipo akasema kwamba nyumbani kwake, darini, kuna "Mauza" ya babu yake imefungwa kwenye magunia. Alitaka kujua kama inatengenezeka.

Mmoja yuko nchi ambayo kununua bunduki ya namna hiyo ni jambo la dukani. Mwingine yuko mkoa ambao kuwa nayo bila leseni ni kesi. Lakini chuma ni kilekile, na makosa waliyokuwa wanataka kuyafanya ni yaleyale. Kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu ilikuwa kutunza silaha na risasi za askari wa wanyamapori, na bunduki nilizoziona zimeharibiwa na ufundi ni nyingi kuliko zilizoharibiwa na kutu. Hao wawili niliwajibu kwa kifupi. Hapa nitaeleza kwa kirefu.

Kwa nini zinauzwa rahisi

Jeshi haliachani na bunduki kwa sababu imekufa. Huachana nayo kwa sababu imepitwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili majeshi karibu yote yalihamia bunduki zinazojikoki zenyewe, na zile za kukoki kwa mkono, risasi moja baada ya nyingine, zikabaki maghalani kwa mamilioni: Mauser za Wajerumani, Lee-Enfield za Waingereza, Carcano za Waitaliano, Mosin-Nagant za Warusi ambazo muundo wake ni wa 1891. Wafanyabiashara walizibeba kwa mafungu makubwa kwa bei karibu na ya chuma chakavu, wakaziuza mojamoja. Mwaka 1963 huko Marekani Carcano yenye darubini ilikuwa inauzwa kwa posta kwa dola 19.95. Bei hiyo inajulikana duniani kote kwa sababu mmoja wa wanunuzi alikuwa Lee Harvey Oswald, aliyemuua Rais John F. Kennedy. Sheria iliyofuata mwaka 1968 ilifunga uuzaji wa bunduki kwa posta na kuzuia uingizaji wa bunduki chakavu za jeshi kutoka nje; zuio hili la pili lililegezwa miaka ya 1980.

Na zinapendwa kwa haki. Mtambo wa Mauser ya 1898, yaani sehemu ya kati inayoingiza risasi, kuifunga na kuipiga, ni mojawapo ya vitu vilivyofikiriwa vizuri sana katika historia ya silaha; Rigby wa London, waliokuwa wanawatengenezea matajiri bunduki za kuwindia, walizijenga juu ya mitambo ya Mauser hiyohiyo. Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa mjinga. Aliona mtambo mzuri kwa bei ndogo. Ambacho hakukiona ni kwamba bei iliyopungua dukani inakusubiri mbele: kwenye risasi, kwenye vipimo, na kwenye mkono wa fundi.

Mauser si saizi ya risasi

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, maana kosa hili linatoa watu macho.

Watu wa kwetu wakisema "Mauza" wanadhani wametaja aina moja ya bunduki inayokula aina moja ya risasi. Mauser ni jina la kiwanda na la muundo. Historia ya Tabora yenyewe inatosha kulieleza jambo hili. Vita vya 1914 vilipoanza, kombania nyingi za askari wa Kijerumani katika koloni hili zilikuwa bado zinatumia Mauser ya 1871, bunduki ya risasi moja moja, mdomo wa milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Ukipiga, wingu la moshi mweupe linaning'inia juu ya kichwa chako na adui anajua ulipo. Kombania chache zilikuwa na Mauser mpya ya 1898, ya milimita 7.92, baruti isiyo na moshi. Kisha Wabelgiji wakaja kutoka Kongo. Waliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen, hii tunayoiita Liemba, wakafuata reli hadi Tabora na kuuteka mji Septemba 19, 1916. Nao walikuwa na Mauser, lakini ya Kibelgiji, ya 1889, ya milimita 7.65. Waingereza waliokuja baadaye kutawala walikuwa na Lee-Enfield yao ya .303 (upana wa mdomo kwa inchi), ambayo si Mauser kabisa.

Hesabu: ndani ya miaka michache zimepita mkoani humu Mauser za namna tatu ambazo risasi zake haziingiliani, pamoja na .303. Na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kadiri vita vilivyoendelea, walikuwa wanaokota bunduki za waliowashinda. Tanga peke yake, Novemba 1914, waliokota mamia ya bunduki na takriban risasi 600,000. Walipoweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, wengi wao walishika bunduki za Kiingereza na Kireno. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni ya Mjerumani, babu aliipata kwa askari wa Mjerumani", bado hajakuambia inakula risasi gani.

Hata ndani ya aina moja kuna mtego. Risasi ya Kijerumani ya 7.92 ya mwaka 1888 ilikuwa na kichwa chenye kipenyo cha kama milimita 8.08. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakabadilisha, wakaweka kichwa chenye ncha kali, chenye kipenyo cha kama milimita 8.2 na nguvu zaidi. Ganda kwa macho ni lilelile. Bunduki zilizorekebishwa ziligongwa herufi S. Sasa chukua risasi ya S uitie kwenye mtutu wa zamani ambao haukurekebishwa: risasi itaingia, bolti (chuma kinachoteleza kusukuma risasi ndani na kuifungia kwa nyuma) itafunga, na kichwa kitalazimishwa kupita kwenye tundu dogo kuliko chenyewe huku moto ukikisukuma kwa nyuma. Tofauti yote ni kama unene wa karatasi. Presha yake haipandi kama karatasi.

Na hiyo ni baruti isiyo na moshi kwenye bunduki ya baruti isiyo na moshi. Baruti nyeusi ni nyingine kabisa. Ndiyo ile iliyojaa ghalani kwa Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua nayo Januari 1893 ili Wajerumani wasimkamate. Ikishindiliwa mahali pamoja inabomoa ukuta, lakini ndani ya mtutu inasukuma taratibu zaidi na presha yake ni ya chini. Bunduki iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi, kama Mauser ya 1871, haina uwezo wa kubeba baruti ya kisasa, hata ikichongewa chemba mpya, pale risasi inapokaa, na fundi bora kuliko wote. Gobore la kienyeji, lililotengenezwa kwa bomba au shafti ya usukani wa gari, liko chini zaidi ya hapo. Nimeziona picha za mikono. Sitazieleza.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, soma maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. Yako juu ya chemba, ubavuni mwa mwili (chuma ambamo bolti inateleza), chini ya mtutu ukiondoa mbao. Na kama maandishi yamesuguliwa, fundi mwenye sifa humimina metali maalumu inayoyeyuka kwa joto dogo, au salfa iliyoyeyushwa, ndani ya chemba, ikiganda anaitoa na kuipima. Hii ndiyo njia ya kujua kwa hakika.

Uwazi usioonekana

Tairi la lori hujazwa upepo wa kama bar 8. Ndani ya chemba ya .303 au ya 7.92, kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, presha hupita bar 3,000. Anayeizuia isikurudie usoni ni ganda la shaba na bolti iliyo nyuma yake.

Ganda likipigwa linatanuka, linang'ang'ania kuta za chemba, na kitako chake kinasukumwa nyuma hadi kigonge uso wa bolti. Kama kati ya kitako na bolti pana nafasi ndogo inayotakiwa, ganda linapumzika hapo na kazi imekwisha. Kama nafasi imezidi, sehemu ya mbele imeng'ang'ania na ya nyuma inaendelea kurudi, na ganda linanyambuka pale lilipo jembamba. Likikatika, moto wote unarudi nyuma.

Nafasi hiyo haionekani kwa macho wala haisikiki kwa mkono. Hupimwa kwa vipande viwili vya chuma vilivyochongwa kwa uhakika mkubwa, tunaviita geji. Cha kwanza kikiwa ndani ya chemba, bolti lazima ifunge. Cha pili kimezidi kwa sehemu ndogo tu ya milimita, na kikiwa ndani bolti lazima ikatae. Ikikubali kufunga juu ya hicho cha pili, unaisimamisha hapohapo mpaka fundi mwenye sifa aseme. Waingereza walilijua tatizo hili hata Lee-Enfield yao Namba 4 wakaitengenezea vichwa vya bolti vya kubadilisha, vilivyogongwa namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia.

Ndiyo maana mnunuzi makini huangalia namba ya bolti kama inalingana na namba ya mwili. Bolti ilifungwa na kupimwa pamoja na bunduki yake kiwandani. Maghalani zilifumuliwa kwa mamia, zikaoshwa kwenye mapipa, zikarudishiwa bolti yoyote iliyokuwa karibu. Bunduki yenye namba mbili tofauti si lazima iwe mbovu. Lakini hiyo ni ya kupimwa kabla risasi haijakaribia chumba ilimo.

Mtutu nao una siri zake. Toa bolti, ielekeze bunduki kwenye mwanga, weka ukucha wa kidole gumba upande wa pili ili urudishe mwanga ndani, kisha chungulia. Mifereji inayojizungusha iwe na kingo kali na ing'ae. Ukiona vishimo vyeusi kama ngozi ya ndui, hapo palilala chumvi. Fataki za risasi za zamani, yaani vile vidonge vya kitakoni vinavyowasha baruti, zilikuwa na kemikali inayoacha chumvi ndani ya mtutu kila unapopiga, na chumvi hiyo hufanya kama gunia la chumvi ya Uvinza wakati wa masika: inavuta unyevu hewani mpaka inachuruzika. Mafuta hayaiyeyushi, huifunika tu iendelee kula chuma. Kinachoiyeyusha ni maji. Wanajeshi wa Kiingereza walikuwa wanamimina maji ya moto ndani ya mtutu, wanakausha, ndipo wanapaka mafuta. Risasi za ziada za jeshi zinazouzwa rahisi hadi leo nyingi ni za namna hiyo, na vijana wanaona ajabu bunduki kushika kutu siku mbili baada ya kupakwa mafuta mengi.

Mhunzi, kivuli na rangi ya moto

Nchi yetu ya Unyamwezi imekuwa na wahunzi tangu kabla ya reli, na nilipokuwa mdogo nilimwona mmoja akifanya kazi chini ya mwembe, hapendi kutoka juani. Nikamuuliza sababu. Akasema juani huwezi kuona rangi ya chuma. Chuma kilichoiva kivulini ni chekundu. Juani kinaonekana bado cheusi, unaendelea kukipuliza moto mpaka unakiua.

Miaka mingi baadaye nilipojifunza habari za Springfield ya 1903, bunduki ya jeshi la Marekani, nilimkumbuka mzee yule. Mwanzoni wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wanapima joto la chuma kwa macho. Siku za jua kali chuma kilionekana hakijaiva, wakakizidishia moto, na miili mingi ya bunduki ikatoka migumu lakini dhaifu kama kioo. Zilipoanza kupasuka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakachunguza na kubadilisha utaratibu. Hadi leo zile za kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000 watu waangalifu hawazipigi. Na hakuna dalili nje. Iliyo nzima na iliyo mbovu zinafanana.

Mauser ina kisa kinachoelekea huko kwa njia nyingine. Chuma chake ni laini kwa ndani na kigumu juu, kama mkate wenye ganda. Ulaini ule unaizuia isipasuke, ugumu ule unaizuia isilike. Sasa mtu anataka kuipinda shingo ya bolti ili ipishe darubini, anawasha mtungi wa gesi. Joto likitambaa hadi sehemu zinazofunga chemba, ugumu ule wa juu umeondoka. Bunduki itaendelea kupiga. Ila kila risasi itakuwa inaikandamiza bolti kidogo nyuma, uwazi ule usioonekana unakua, na siku moja unafika.

Hapo tunarudi kwa mpwa wangu na mipango yake mitatu.

Kupunguza mbao ndiyo jambo dogo kuliko yote, na si lazima likate chochote: unanunua kitako kipya, cha zamani unakihifadhi. Ukitaka kuitoshea bega lako, ongeza mpira nyuma ya kitako. Haya yote yanarudishika, na mimi nayakubali.

Kufupisha mtutu sikubali. Mdomo wa mtutu ndio sehemu ya mwisho kuigusa risasi. Msumeno wa chuma ukikata hata upogo kidogo, moshi unatoka upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi pembeni. Inahitaji mashine ya kukereza na mtu anayeijua, na kilengeo cha mbele kihamishwe upya. Mtu anafanya hayo yote ili apunguze uzito wa kitu ambacho wanajeshi walitembea nacho maelfu ya kilomita.

Darubini ndiyo inayowaponza wengi. Bolti ya Mauser ya kijeshi ikiinuliwa inasimama wima na kugonga darubini. Kidole cha usalama nacho vilevile. Kwa hiyo darubini moja inadai shingo ya bolti ikatwe na kuungwa, usalama mpya, na matundu manne yatobolewe kwenye mwili mgumu. Jumlisha malipo ya fundi na utakuta unakaribia au kupita bei ya bunduki mpya ya kuwindia yenye dhamana. Na thamani ya ile kuukuu imeanguka, maana wanaozikusanya huko hulipa vizuri kwa ambayo haijaguswa. Kuna vishikio vinavyofungwa mahali pa kilengeo cha nyuma bila kutoboa kitu, darubini inakaa mbele na bolti inabaki huru. Si kizuri kama cha kutoboa, lakini ukikichoka unakifungua kwa bisibisi.

Triga, ile inayovutwa kwa kidole, sikuulizwa, lakini nalitaja kwa sababu ndiyo linalofanywa kwanza na mafundi wa mitaani. Triga ya jeshi ina hatua mbili, ndefu na nzito, ilivyo kwa makusudi, ili askari aliyechoka akianguka nayo isilie. Akiichukulia tupa mtu aifanye nyepesi, anaiondolea kazi hiyo.

Nilimwambia mpwa wangu asikate kitu mpaka akaazime geji. Siku nne baadaye alinipigia, sauti imepungua. Geji ya pili ilikuwa ndani, na bolti ilifunga laini kabisa. Namba zake zilikuwa tofauti, hakuwa ameziangalia. Sasa ameitundika ukutani na kadibodi imeandikwa kwa mkono: isipigwe.

Upande wa mzee wa Sikonge, sheria yetu haina utata. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kila silaha iwe na leseni yenye jina la mtu. Mrithi harithi leseni. Mwenye silaha akifariki, silaha inafikishwa polisi na anayeitaka anaanza maombi yake upya. Kutengeneza au kubadilisha silaha ni kazi ya mwenye kibali, na kusugua namba ni kosa la jinai. Tanzania pia ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004 ya kudhibiti silaha ndogo, ambayo nchi zake zilikubaliana kuwa raia wasimiliki kabisa bunduki zinazojikoki zenyewe. Kwa mkoa jirani kama Kigoma, uliopokea wakimbizi wa vita vya majirani kwa miongo mingi, hilo si neno la karatasi.

Nilimwambia asiibebe kwenye basi wala asimtume mtu. Tulianza kwa mtendaji wa kijiji, yeye akawaita polisi, tukaenda wote nyumbani. Kijana wake aliishusha darini. Magunia matatu, la ndani kabisa limelowa nta ya nyuki. Babu alikuwa ameipaka kila mahali kama anavyopakwa mzinga mpya, na baada ya miaka yote ile chuma kilikuwa cheusi kinachong'aa. Niliomba ruhusa ya askari, nikahakikisha ni tupu, nikafuta nta ubavuni kwa kidole. Mod. 71. Ncha ya kidole changu kidogo iliingia mdomoni mwa mtutu. Kijana alikuwa ameshaanza kuulizia mjini bei ya kuichongea chemba ya risasi nyingine.

Askari aliandika stakabadhi juu ya goti. Mzee aliisoma mara mbili, akauliza kama gunia la nta nalo linachukuliwa. Akaambiwa hapana. Akalikunja gunia, akaiweka stakabadhi katikati, akaingia nayo ndani.